Natupa viini vya mayai ili nipungue, na sasa binti yangu ameanza kuniiga

BARUA

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu umevuka miaka 40. Mapema mwaka huu nilikwenda kupima afya nikaambiwa presha imeanza kupanda na uzito umezidi. Daktari alisema dawa bado, ila nipunguze mwili na niangalie ninachokula. Nilitoka pale nimeazimia kweli. Nikaona nianze na kifungua kinywa, kwa kuwa hicho nakipika mwenyewe na kukila nyumbani.

Nikachagua mayai na mboga, maana kila ninayemuuliza ananiambia ni chakula chepesi na kalori zake ni chache. Viini navitupa, kwa sababu tangu utotoni nasikia ndivyo vyenye mafuta na kolesteroli. Napiga ute wa mayai mawili, nakata biringanya, uyoga, nyanya na spinachi, nakaanga mboga kisha namimina ute juu. Mafuta naweka kidogo tu, ila biringanya ikianza kushika chini naongeza tena kidogo. Mkate wa asubuhi nimeuacha kabisa.

Kusema ukweli chakula chenyewe hakiliki. Nikikipakua, muda si mrefu kinaachia maji ya kijivu sahani nzima, na ute unakuwa umekakamaa. Hakina ladha, kwa hiyo naongeza chumvi na kubomolea kipande cha kile kiungo cha kukolezea mchuzi. Nakila kwa kujilazimisha. Ikikaribia saa nne njaa inanisokota, na kazini biskuti na chai ya sukari havikosekani. Nakula. Jioni najilaumu. Uzito haushuki kama nilivyotarajia, nami najiona mtu asiye na nidhamu.

Mume wangu hataki kukiona hicho chakula. Anataka mayai yake kamili, kwa hiyo kila asubuhi nasimamia vikaango viwili huku watoto wanajiandaa kwenda shule.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni binti yangu. Ana miaka 14. Yeye si mnene hata kidogo. Juzi nilimkuta amesimama kwenye sinki, anahamisha kiini kutoka ganda moja kwenda jingine, ute unadondokea kwenye bakuli, vilevile ninavyofanya mimi. Kiini akakiachia kwenye bomba la maji. Aliponiona akaniuliza, "Mama, si hiki ndicho kinachonenepesha?" Nilikosa jibu. Tangu hapo mkate hagusi, na anauliza kalori za kila kinachowekwa mezani.

Mume wangu anasema niachane na mambo haya yote, tule kama zamani. Dada yangu anasema ni vizuri mtoto ajifunze mapema kuutunza mwili wake. Mimi niko katikati. Nikiacha, presha inanisubiri. Nikiendelea, naogopa ninachomfundisha mwanangu. Nifanyeje? Na je, kuna namna ya kukipika chakula hiki kikabaki chepesi na kikalika?

Mama wa Binti

JIBU

Mama wa Binti,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale kwenye sinki. Nimefurahi kwamba umeandika sasa, wakati mambo bado ni ya kuzungumzika.

Ninavyokuelewa, unabeba mambo matatu kwa pamoja. Unataka kuusaidia mwili wako kabla presha haijafika mahali pa dawa. Chakula ulichokichagua kwa kazi hiyo hakikushibishi wala hakikupi raha. Na kuna mtoto anayejifunza kwa kukutazama. Umeniuliza kama uache au uendelee, lakini mimi naona katikati ya hayo mawili kuna njia kadhaa ambazo bado hujazijaribu.

Tuanze na kikaango chenyewe, kwa sababu nadhani kuna hesabu inayokukwepa pale. Yai kubwa lina kalori kama 70. Ute wake una 17 hivi, na kiini 55 hivi. Ukitupa viini viwili umeondoa kalori kama 110. Sasa geukia mafuta: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, ya zeituni au ya mahindi, kina kalori karibu 120. Biringanya nyama yake imejaa vitundu vya hewa, na mafuta ukiyamimina inayanywa papo hapo kisha inakaa kama haijapewa kitu. Uyoga nao hauko mbali. Mimi sikuwepo jikoni kwako, lakini mtu anayemimina kwa macho, akaongeza, akaongeza tena, anaweza kufika vijiko viwili vikubwa bila kuhisi. Hapo ni kalori 240. Huenda basi ulichokitupa kwenye sinki ni kidogo kuliko ulichokimimina kwenye kikaango.

Kesho usibadilishe chochote isipokuwa hiki: mafuta yapite kwenye kijiko kabla hayajafika kwenye kikaango. Uone mwenyewe vinakwenda vingapi. Inawezekana nimekosea juu yako, na hapo tutakuwa tumejua hivyo.

Halafu hiyo njaa ya saa nne. Unaiita ukosefu wa nidhamu, nami hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Ute wa mayai mawili unakupa gramu 7 hivi za protini. Mboga ni nzuri sana, ila zaidi ya asilimia 90 ya spinachi, nyanya na uyoga ni maji. Mkate umeuondoa. Mafuta yana kalori nyingi kwenye ujazo mdogo, kwa hiyo hayaijazi sahani wala tumbo. Mwili uliopewa hivyo alfajiri, ukaenda kazini, unadai chakula kabla ya saa sita, na unadai kwa haki. Biskuti tatu nne na chai yenye vijiko viwili vya sukari zinaweza kukurudishia kalori 200 na zaidi. Akiba ya kalori uliyoibana asubuhi unaikuta imekwisha kabla ya mchana, na juu yake umejilaumu bure.

Je, kiini kina kosa gani hasa? Ulichosikia utotoni hakikutoka hewani. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasizidi viini vitatu kwa wiki, na ushauri huo ukasambaa duniani. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba kwa watu wengi kolesteroli ya kwenye damu husukumwa zaidi na mafuta mazito, kama yale ya siagi na nyama yenye mafuta, kuliko kolesteroli iliyomo kwenye yai. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 hadi 2020 ukaondoa ile namba ya miligramu 300 kwa siku iliyokuwa kikomo. Kiini ndicho chenye vitamini A na D ya yai, sehemu kubwa ya vitamini B12, na karibu kolini yote, kirutubisho ambacho ubongo na ini vinakihitaji.

Simaanishi kila mtu ale viini bila mpaka. Mwenye kisukari, mwenye kolesteroli iliyo juu, au mwenye ugonjwa wa kolesteroli unaorithiwa katika familia, anapaswa kusikia neno la daktari wake kabla ya langu. Na hapa nakuuliza wewe: daktari alikutajia kiini? Kwenye barua umesema alikutajia uzito na kuangalia chakula. Kiini ulikiongeza wewe. Ukirudi kupima, muulize waziwazi, "Viini vingapi kwa wiki kwa mtu mwenye hali yangu?" Na kama hujapimwa kolesteroli, omba upimwe. Jibu lake litakuondolea kubahatisha.

Kuna njia mbili za kupiga mayai ambazo ningependa uzifikirie. Ya kwanza ni mayai mawili kamili: kalori 140 hivi, protini gramu 12 au zaidi kidogo. Ya pili ni yai moja kamili na ute wa mawili mengine: kalori 105 hivi, protini karibu gramu 13. Tofauti yao ni kalori 35, ambayo haifiki hata kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Njia ya pili inafaa kama daktari atakuambia upunguze viini, na ina ladha kuliko ute mtupu. Hatari yake ni kwamba viini viwili bado vinabaki kwenye bakuli, na kuna macho ya miaka 14 yanayotazama vinakokwenda. Vikiingia kwenye chakula cha wengine, hadithi inakuwa tofauti na vikienda kwenye bomba. Njia ya kwanza ni rahisi na haina cha kutupa, ila ukirudisha viini huku mafuta unayamimina vilevile, mizani itapanda, nawe utasema kiini ndicho kilichoharibu.

Sasa maji kwenye sahani. Haya yana vyanzo viwili, na vyote vinatibika. Mboga zako zinaingia kwenye mayai zikiwa bado na maji yake. Anza na uyoga kwenye kikaango kikavu, moto wa kati, bila mafuta na bila chumvi. Utauona unatoa jasho, kikaango kinajaa maji, halafu maji yanakauka na uyoga unaanza kulia kwa sauti ya kukauka. Hapo ndipo uweke kijiko kimoja cha chai cha mafuta na kitunguu. Mafuta yatabaki juu ya uyoga badala ya kuzama ndani. Biringanya ikikatwa vipande vidogo, iive kwanza kwa vijiko viwili vya maji, umefunika, mpaka ilainike na maji yaishe. Ikishalainika haina tena pa kuficha mafuta. Nyanya ipasue, toa mbegu na ule ute wake wa ndani kwa kidole, tumia nyama tu. Spinachi, ukishaiosha, ipungushe kwenye kikaango, iache ipoe kidogo, kisha ikamue kwa mkono mpaka maji yaache kuchuruzika. Utashangaa kinachotoka kwenye fungu moja.

Chanzo cha pili ni moto. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 60 na kitu, kiini kinafuata mbele kidogo. Moto ukiwa mkali, protini zinajikaza na kuyakamua maji ziliyoyashika, na ndiyo maana unapata ute uliokakamaa uliozungukwa na maji. Punguza moto kabla ya kumimina mayai. Yamimine juu ya mboga zilizokauka, vuta kingo zije katikati kwa mwiko mara chache, halafu funika. Mvuke wa chini ya mfuniko utaivisha upande wa juu bila kugeuza na bila kuongeza mafuta. Pale juu pasipochezacheza tena, epua mara moja. Yasibaki mabichi, maana yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, lakini yasikae motoni baada ya kuiva.

Ukipika hivyo, mayai mawili kamili, kijiko kimoja cha chai cha mafuta na mboga za kujaza sahani vinafika kalori kama 220. Ongeza kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, uko karibu 300. Kwa mtu mzima anayekwenda kazini hicho bado ni kifungua kinywa chepesi, na kina nafasi nzuri zaidi ya kukufikisha mchana. Najua mkate uliuacha kwa uchungu na unaweza kuogopa kuurudisha. Si lazima. Ila ukijikuta saa nne bado unatafuta biskuti, linganisha kipande hicho kimoja na hizo biskuti, ndipo uamue.

Kuna jambo moja limenipa wasiwasi kuliko viini vyote: chumvi. Umeambiwa presha inapanda, na kwa sababu ute hauna ladha unaongeza chumvi pamoja na kiungo cha mchuzi, ambacho chenyewe kwa sehemu kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na biskuti. Kiini kinarudisha ladha, na mboga zilizokauka vizuri zina utamu wake. Ongeza kitunguu saumu, pilipili manga, majani ya giligilani, tone la limau mwishoni. Nadhani utaweza kukiacha hicho kiungo cha mchuzi bila kukitamani sana.

Kuhusu vikaango viwili, pika mboga mara moja tu, kikaango kimoja. Gawa. Mumeo aongezee mayai yake, wewe yako. Akizionja mboga zikiwa kavu na zimekolea, huenda mjadala ukaisha wenyewe.

Sasa binti.

Mumeo na dada yako wote wamesema kitu chenye ukweli ndani yake. Ni kweli mtoto anafaidika kujifunza mapema kuutunza mwili. Ni kweli pia kwamba kinachoendelea nyumbani kinamgusa. Ila nisingependa tumpe mmoja wao ushindi kabla hatujajua binti mwenyewe anawaza nini, na kwenye barua yako sauti yake imesikika mara moja tu, katika lile swali. Inawezekana anakuiga kwa mapenzi, kwa sababu anakuona unapambana naye anataka kuwa upande wako. Inawezekana kuna neno aliambiwa shuleni kuhusu umbo lake. Inawezekana ni udadisi utakaopita. Kila moja lina njia yake, na huwezi kuijua kwa kumtazama tu akivunja mayai.

Mwili wake hauko kwenye safari ya mwili wako. Wewe umeambiwa na daktari upunguze. Yeye bado anajengwa: sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ya maisha yake inawekwa katika miaka hii, na msichana aliyeanza hedhi anahitaji madini ya chuma zaidi ya aliyokuwa akihitaji alipokuwa mdogo. Msichana wa miaka 14 asiye na uzito wa ziada hana sababu ya kutupa kiini wala kuuogopa mkate. Hilo unaweza kumwambia kwa sentensi moja nyepesi, mkiwa mnapika, bila kumkalisha kitako: "Mimi nilipewa maelezo na daktari kwa ajili ya presha yangu. Wewe unakua, mwili wako unahitaji vyote." Swali lake la sinki bado linasubiri jibu, na hujachelewa kulijibu.

Unaweza pia kuchagua kutosema mengi, ukabadilisha tu kinachoonekana: viini visitupwe, kalori zisitajwe mezani, mwili wako usiutukane mbele yake. Watoto wengi wanamsikia mama akisema "nimekuwa mbaya" zaidi kuliko wanavyosikia somo lolote la lishe. Hatari ya kunyamaza ni kwamba kama kuna kinachomuuma, atabaki nacho peke yake. Hatari ya kuzungumza kwa ukali, au kumsimamia kila tonge, ni kwamba atajifunza kuficha. Wewe ndiye unayemjua. Unajua anafunguka saa ngapi na akiwa anafanya nini. Mwite akupikie zile mboga. Mikono ikiwa na kazi, maneno huwa mepesi, na huko kukausha uyoga kunamwonyesha kwamba chakula chepesi kinaweza kutengenezwa kwa ustadi bila woga.

Kuna dalili ambazo ukiziona usisubiri. Akiruka milo mara kwa mara au kusema amekula wakati hajala. Akijipima uzito kila mara. Akikimbilia chooni kila baada ya kula. Akilalamika kizunguzungu au baridi wakati wengine hawaisikii, nywele zikikatika, au hedhi iliyokuwa inakuja ikakoma. Hapo mpeleke kwa daktari au mshauri wa afya ya vijana, na umweleze yale ya jikoni pia. Si kwa kumtisha. Matatizo ya ulaji yakishikwa mapema huwa rahisi zaidi kuyatibu, na mara nyingi huanza na jambo dogo ambalo kila mtu aliliona la kawaida.

Wewe nawe, usiharakishe mizani. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi ambayo wataalamu wengi huiona salama, na zipo wiki ambazo hakitashuka kitu ilhali presha inashuka. Pima vyote viwili.

Sijui utaanza na kipi, kijiko cha mafuta au mazungumzo na binti, wala sitakuchagulia. Ukishamsikia alichokuwa anawaza siku ile kwenye sinki, niandikie tena. Ningependa kujua alikujibu nini.

Dada yako, mshauri